Barua kwa Vijana Mnaomeza Bila Kutafuna

Wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote. Nimewatazama mnavyokula siku hizi: jicho kwenye simu, tonge moja halijateremka jingine limeshaingia, maji yanafuata kulisukuma. Dakika tano sahani nyeupe. Jioni mnaulizana dawa ya tumbo kujaa gesi. Hivi tumboni kuna meno?

Kazi ya kusaga chakula inaanzia mdomoni. Mtu chukua kipande cha mkate mkavu, kitafune polepole bila kumeza. Baada ya muda ulimi utaonja utamu ambao haukuwepo. Ni mate hayo: yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, na kimeshaanza kuuvunja wanga kuwa sukari.

Mnaodhani nawatisha kizee, sikilizeni. Mwaka 1822 kijana mmoja wa Kanada, Alexis St. Martin, alipigwa risasi tumboni kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu halikuziba. Mtu angeweza kuchungulia hadi ndani. Daktari wake, William Beaumont, akawa anafunga vipande vya chakula kwa uzi, anavitumbukiza humo, kisha anavivuta nje kuona vimefikia wapi. (Maskini kijana wa watu! Leo daktari huyo angeitwa kujieleza.) Mwaka 1833 akatoa kitabu, na miongoni mwa aliyoyaandika ni kwamba chakula kilichosagwa vizuri humeng'enywa kwa urahisi zaidi. Mabonge mnayomeza yanaongezea tumbo kazi tu.

Tumboni kuna asidi kali, na humo ndimo protini ya nyama, samaki au mayai inapoanza kuvunjwa. Kisha uji ule unashuka kwenye utumbo mwembamba, wenye urefu wa kama mita 6. Nyongo kutoka kwenye ini inayagawa mafuta kuwa matone madogo, kongosho linaleta vimeng'enya vyake, halafu vijidole vidogo mno vilivyotanda kwenye ukuta wa utumbo vinafyonza virutubisho na kuvipitisha. Utumbo mpana unabaki na kazi ya kufyonza maji.

Kuna wenzenu wameapa kutogusa mafuta kabisa. Ni kweli yana nguvu nyingi, gramu moja kalori 9, wakati wanga na protini ni 4 tu. Basi punguzeni, msiyafute. Vitamini A, D, E na K bila mafuta hazifyonzwi vizuri. Na wewe uliyeambiwa damu yako ni pungufu, usishushie mboga zako kwa chai. Chai huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye mimea, ila tunda lenye vitamini C huyasaidia kufyonzwa. Nyuzinyuzi nazo msizidharau, ingawa hazimeng'enywi: ndizo zinazolainisha choo, mradi mnywe maji ya kutosha.

Simu wekeni pembeni mkila. Habari ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo, na nyie kufikia hapo mmeshaongeza sahani ya pili.

Lakini mkiona damu kwenye choo, au choo cheusi tii, au mwili unapungua bila sababu, au chakula kinakwama kooni kila mara, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Msianze kwa kuniuliza mimi.

Babu yenu