Kata Mkono wa Gia, Usikate Gari

Ngamiani, Tanga

Swahiba wangu Baba Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana. Nimesikia kwamba fundi wa hapo Bagamoyo ameshapanga kukata sakafu ya Corolla yako ya KE20 ili giaboksi ya gia tano ikae. Nakuomba umzuie kwanza, usome barua hii, kisha uamue.

Gia tano yenyewe siipingi hata kidogo. Injini yako ya 3K ina ujazo wa cc 1166 tu, na kwa gia nne, ukishatoka Msata ukaanza kuitafuta Segera, inalia njia nzima. Gia ya tano inaipumzisha: mwendo ni uleule, injini inazunguka taratibu. Ila hakikisha giaboksi inatoka kwenye Corolla ya KE70, ile ya umbo la baadaye. Ya Liteace, kile kibasi kidogo cha Toyota, iache, hata ukiuziwa rahisi. Kwenye kigari kile dereva anakaa mbele ya giaboksi, kwa hiyo gia zinavutwa kwa vyuma kutoka mbali. Wewe unataka mkono uchomoze juu ya giaboksi yenyewe.

Sasa hilo la sakafu. KE20 imetoka kiwandani na tundu lake la mkono wa gia, na Toyota walishaleta umbo jingine mwaka 1974. Kwa hewa hii yetu ya chumvi, kuwa na bati la sakafu zima mpaka leo ni neema. Ukilikata, umefungua mlango wa kutu, na hakuna duka la kukuuzia jingine. Mkono wa gia ni kipande cha chuma. Ukikosea unatafuta mwingine.

Kwenye gari langu, tulipofunga giaboksi mpya, mkono ulitokea kwenye ukingo wa nyuma wa tundu. Ukitia gia ya pili, unagonga bati. Fundi wangu alichukua mikono miwili, ule wa zamani na ule wa KE70. Wa KE70 akabakiza sehemu ya chini, kwa sababu ndiyo inayoingia kwenye giaboksi, na wa zamani akabakiza sehemu ya juu pamoja na kirungu chake. Katikati akaweka kipande cha chuma cha duara kilichopindwa mara mbili, kwanza kwenda mbele, kisha kurudi juu. Mpindo ukae chini kabisa, upite tunduni bila kugusa bati. Ukikaa kwenye kiti huoni tofauti yoyote, mkono ni uleule uliouzoea, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Urefu usiuchezee. Tuseme kutoka kwenye mhimili, yaani pale mkono unapochezea, hadi kirungu ni sentimita 30, na chini ya mhimili ni 5: mkono wako unatembea mara sita ya kile kinachosogea ndani. Ukiufupisha ubaki 20, safari ya mkono inapungua hadi mara nne, lakini utasukuma kwa nguvu mara moja na nusu. Vijana wanapenda mkono mfupi, sijui kwa nini, na giaboksi zetu hizi za zamani. Halafu usiupeleke mbele kupita kiasi, kwa sababu kadiri kirungu kinavyokaa mbele ya mhimili, ndivyo kinavyoshuka ukisukuma na kupanda ukivuta.

Kuchomelea kufanyike nje ya gari, mkono ukiwa umetolewa. Bushi ya nailoni inayoshika ncha ya chini ya mkono haivumilii moto, na umeme wa kuchomelea ukipita kwenye giaboksi unaharibu beringi. Aondoe kromu yote kwa msasa mahali pa kuunga, achonge ncha zote mbili ili moto uingie hadi ndani, na akimaliza auache upoe wenyewe. Asiutumbukize kwenye maji, chuma kitakuwa chepesi kukatika.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, ashikize kwa nukta tu, mrudishe, mjaribu gia zote na wewe umekaa kitini. Ya tano iko kulia kabisa, angalia isigonge kiti wala goti lako. Na pande zote za tundu acheni nafasi, kwa sababu injini hujipinda kwenye mauntingi, ile mipira inayoishikilia, ukiachia klachi, na mkono hujipinda nayo.

Propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, krosmemba inayobeba giaboksi na mita ya spidi navyo vitahitaji kurekebishwa, lakini hayo fundi yeyote mzuri anayaweza.

Ninao mkono mwingine wa KE70 hapa nyumbani. Nitauweka kwenye basi la kuja huko mara tu utakapoitikia. Wewe nipimie kutoka ukingo wa nyuma wa tundu hadi katikati ya mhimili, giaboksi ikiwa imeshafungwa, ili fundi wangu anipindie kipande cha katikati nikutumie vyote pamoja.

Nduguyo,
Baba Salma