Kiwanja cha Pongwe kisiuzwe

Leicester, Uingereza
Novemba 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Mpe mama shikamoo yangu, na barua hii umsomee yote bila kuruka mstari, maana nusu yake ni yake. Mimi mzima. Baridi imeshaingia, na nikitoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi ndiyo kwanza jua linachomoza.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Waliomaliza uuguzi kabla yenu bado wako mtaani na vyeti vyao. Ajira za TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, zikitangazwa wanaomba, majina yakitoka hawamo. Wengine wanajitolea zahanati na kuambulia nauli. Na sasa kuna wakala hapo Tanga anayetaka milioni nane akulete huku ulee wazee, hata mwaka wa mwisho usiumalize, na mama ameanza kuulizia bei ya kiwanja cha Pongwe.

Mama, nakuomba kwa heshima zote, kiwanja kisiuzwe. Njia anayoiuza huyo bwana imeshafungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haitoi tena viza kwa walezi wapya wanaoajiriwa kutoka nje. Kabla ya hapo, tangu Machi 2024, walezi walishazuiwa kuja na mume, mke au watoto. Sasa anayepokea pesa leo kwa kazi hiyo anauza nini? Sheria ya huku pia inamkataza wakala kumtoza mtu pesa ya kumtafutia kazi. Gharama hiyo ni ya mwajiri. Isitoshe, Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, kwa hiyo hospitali na mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kwetu kusaka wauguzi. Muuguzi anayetaka kuja anaomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, kama nilivyofanya mimi.

Na huwezi kuomba kama muuguzi bila kuhitimu kwanza mafunzo yanayokuwezesha kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwetu. Baraza la huku huliandikia la kwetu kuuliza: huyu mnamjua, ana doa lolote? Ukiacha chuo leo, jibu litakuwa hatumjui. Baada ya hapo kuna mtihani wa Kiingereza, mtihani wa uuguzi unaofanywa kwa kompyuta, kisha ukifika huku mtihani wa vitendo wanaouita OSCE. Humo unasimama mbele ya msahihishaji unasema kwa sauti kila unachofanya: unamuuliza mgonjwa jina, tarehe ya kuzaliwa, kama kuna dawa inayomdhuru, unalinganisha na utepe wa mkononi mwake, ndipo unagusa dawa. Hayo unafundishwa hapo chuoni. Usiyaone ni ya kufaulia mtihani tu.

Nikwambie jambo ambalo mawakala hawalisemi. Unakumbuka nilivyokuwa nikitafuta mshipa wa mtoto mchanga usiku, umeme umekatika, mama yake anamulika kwa simu? Nilipofika hapa niliambiwa nisimwekee mtu yeyote kanula, yaani kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, mpaka nisome kozi ya hospitali na kusainiwa kwamba naweza. Ni utaratibu wao, wala hawakunidharau, lakini iliniuma. Na hadi nilipopata namba ya usajili nililipwa mshahara wa daraja la chini, huku kodi ya chumba ikidaiwa ileile.

Tena hata huku wanafunzi wana hofu kama yako. Binti mmoja Mwingereza aliyekuwa mafunzoni wodini kwetu alilia chumba cha dawa, hajui kama atapata kazi akimaliza. Mwezi wa Agosti serikali yao imelazimika kuwaahidi wauguzi na wakunga wanaohitimu kwamba itawatafutia nafasi.

Sikukatazi kuja. Mshahara wa huku ndio uliomtibu mama macho, siwezi kuusema vibaya. Ninachotaka ni kwamba ukija, uje muuguzi mwenye leseni na mkono uliozoea kazi, hudaiwi na mtu. Na ukiamua kubaki, nitafurahi zaidi, nasema kweli. Kinachonichoma ni kuona wodi zetu muuguzi mmoja anahangaika na wagonjwa wamejaa hadi sakafuni, na nje ya geti wapo wauguzi wamesoma, wamefaulu, wamekaa. Wagonjwa wapo, wauguzi wapo, kinachokosekana ni bajeti ya kuwaajiri. Hilo ni la serikali kulijibu, na ninyi vijana mlidai kwa sauti. Msilichukue kama aibu yenu.

Ada ya muhula ujao naituma wiki hii kwa namba ya mama. Zamu za leba usizikwepe hata ukichoka, mkunga mzuri hospitali za misheni humtafuta zenyewe. Kila jioni andika ukurasa mmoja wa Kiingereza, unipigie picha, nitausahihisha. Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi wetu. Na huyo wakala akikupa karatasi yoyote usitie saini. Nitumie kwanza niione.

Jumapili sina zamu. Nitapiga jioni, hakikisha mama yupo, nataka anijibu mwenyewe habari ya kiwanja.

Dada yako