Barua kuhusu Dnd1

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nilicheka pale ulipouliza kwa hasira: hii Dnd1 ya panya (jeni, na protini yake DND1) inalinda RNA, yaani ujumbe unaonakiliwa kutoka kwenye jeni, au inaiangamiza? Yote mawili yameandikwa na watu makini, kwa hiyo usijilaumu kwa kuchanganyikiwa.

Kabla ya protini, nianze na panya wenyewe. Mwaka 1953 Leroy Stevens aliajiriwa Jackson Laboratory, huko Maine, Marekani, kwenye utafiti uliolipiwa na kampuni ya tumbaku. Akakuta dume wa ukoo uitwao 129 mwenye korodani iliyovimba. Alipoupasua uvimbe alikuta mchanganyiko wa ajabu: gegedu, misuli, tishu za neva, vyote vimerundikana pamoja. Ilikuwa teratoma. Tumbaku, kwa mara moja, haikuwa na hatia. Dume mmoja hivi katika kila 100 wa ukoo ule hupata uvimbe huo bila kufanyiwa chochote.

Miaka ya 1970 Stevens akapata tawi la ukoo huohuo ambalo teratoma zilikuwa nyingi mno, na kasoro iliyohusika ikaitwa Ter. Ilijulikana kwa jina muda mrefu kabla haijajulikana ilipo. Mwaka 2005 ndipo ikabainika: herufi moja imebadilika ndani ya Dnd1, kwenye kromosomu ya 18, na badiliko hilo linaweka alama ya kusimamisha utengenezaji wa protini mapema. Katika ukoo wa 129, dume mwenye nakala moja mbovu ana uwezekano wa takriban asilimia 17 wa kupata uvimbe. Mwenye nakala mbili mbovu, asilimia 94.

Sasa usikimbilie kuiita jeni ya saratani. Mpe panya wa ukoo mwingine, tuseme C57BL/6, nakala zote mbili mbovu: hapati uvimbe, anakuwa tasa tu. Seli zinazokuja kuzaa mbegu au mayai huonekana kwenye kiinitete mnamo siku ya 7, kisha husafiri hadi mahali korodani au ovari zitakapoota. Bila Dnd1 huanza kufa zikiwa bado njiani. Majike nao huathirika, hubaki na mayai machache, ila teratoma hizi ni za madume. Kwenye 129 baadhi ya seli za dume hunusurika, na hapo ndipo balaa. Zinapaswa kuacha kugawanyika na kuanza kuwa seli za kiume kamili. Badala yake huendelea kugawanyika, huku zikishikilia ule uwezo wa kiinitete wa kugeuka tishu yoyote. Watafiti walipoifuta pia Bax, jeni inayoziamuru seli zife, baadhi ya seli za uzazi ziliokoka, na teratoma zikajitokeza hata kwa panya wa damu mchanganyiko. Kwa maneno mengine, katika koo nyingi kifo cha seli ndicho kinachomwokoa panya.

Nirudi kwenye swali lako. Mwaka 2007, kwa kutumia seli za binadamu na samaki pundamilia, watafiti walionyesha kwamba protini ya DND1 hukaa kwenye sehemu za mRNA (RNA inayobeba ujumbe wa kutengeneza protini) zenye herufi U nyingi na kuzizuia mikro-RNA, vipande vifupi vya RNA vinavyonyamazisha ujumbe, zisishike. Kwa njia hiyo ujumbe wa p27, protini inayofunga breki za mgawanyiko wa seli, unabaki salama. Mwaka 2017 kundi jingine likaja na picha ya kinyume: DND1 inashika mRNA zenye herufi UUA au UUU, kisha inaliita kundi la protini la CCR4-NOT, ambalo hukata mkia wa herufi za A, na mRNA ikaharibika. Ndumilakuwili kamili!

Kwa seli za uzazi za panya, mimi naegemea upande wa uharibifu. Sababu yangu ni NANOS2, protini ya seli za uzazi za dume, ambayo nayo hupeleka mRNA kwa CCR4-NOT na inahitaji DND1 pembeni yake ili kazi ifanyike. Lakini sioni kwamba matokeo ya 2007 yamefutwa. DND1 yenyewe haikati kitu. Inashika tu. Kinachofuata kinategemea nani yupo jirani, kwenye seli gani, na siku ya ngapi ya mimba.

Kwa hiyo ukichorea wanafunzi, usiweke mshale mmoja kutoka Dnd1 kwenda kwenye uvimbe. Weka DND1 juu ya mRNA, halafu mishale miwili, mmoja wa kuhifadhi na mmoja wa kuharibu, na kando uandike ukoo wa panya. Nitumie mchoro kabla ya somo, nami nitakutajia mRNA mbili tatu za kujazia.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Salma