Kwa vijana wetu wa Hull, Uingereza, mnaoitwa na timu za raga

Wanangu,

Nimefurahi mno kusikia kwamba baadhi yenu mmechukuliwa kwenye mafunzo ya timu zetu mbili, ile ya magharibi na ile ya mashariki mwa mji. Sisi wazazi wenu tulifika hapa kutoka Kongo tukitoka kambi ya wakimbizi, wala hatukujua mpira huu unachezwaje. Leo mtoto wa watu wa Uvira anakimbia na mpira kwapani, anaangushwa, anainuka, na majirani wanaliita jina lake. Hongereni sana.

Lakini nina neno kwenu: mkataba wa kwanza usiwatoe shuleni wala kwenye ufundi.

Raga hii ya watu 13 ilizaliwa kwa sababu ya kibarua. Mwaka 1895 vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilikutana Huddersfield vikajitenga na chama kikuu cha raga. Wachimba makaa na watu wa viwandani walikuwa wakipoteza ujira kila walipoacha zamu kwenda kucheza, na chama kilikataa walipwe fidia. Kwa hiyo mchezaji mwenye kazi nyingine yumo katika asili ya mchezo wenyewe. Hata sasa, timu kubwa ikikuazima kwa timu ya daraja la chini, utakuta wenzako wengi wanaingia mazoezini jioni wakitoka kazini. Wengi wenu mtapita huko. Wengine mtabaki huko, na si aibu.

Barabara mnayopita kuingia mjini ina jina la mchezaji wa raga hii, Clive Sullivan. Utotoni, huko Cardiff, alipasuliwa miguu, wakadhani hatatembea sawasawa. Aliposajiliwa na Hull FC, timu yetu ya magharibi, mwaka 1961 alikuwa bado askari, na jeshi hakuliacha siku hiyo. Mwaka 1972, kule Ufaransa, aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia, Mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya nchi hii.

Mbona nasisitiza hivi? Kwa sababu ya kichwa. Msimu uliopita nilimwona mmoja wenu kaketi pembeni ya uwanja baada ya kugongana, anahangaika na kamba ya kiatu, vidole havimtii. Tabibu alipomuuliza, akajibu haraka, "Niko sawa." Alikuwa anaogopa kupoteza namba. Asiye na tegemeo lingine hudanganya hivyo, na ubongo hauna kipuri. Ukigongwa, sema. Pumzika siku zote ulizopangiwa, hata kama Jumamosi ni mechi ya watani.

Na pesa. Posho ya kijana wa mafunzo ni ndogo, lakini habari zikifika Bukavu zinakuwa kubwa, simu zinaanza. Wazazi wenzangu, zipokeeni ninyi simu hizo. Mtoto wa miaka 17 asibebeshwe ada za binamu zake wote kabla hajacheza hata mechi moja ya timu ya kwanza.

Wakala akikuletea karatasi, usitie sahihi papo hapo hata akikuhimiza. Ilete Jumapili baada ya ibada, uje na mama yako. Tutaisoma kifungu kwa kifungu: muda wa mkataba, nani analipa matibabu ukiumia, na kama wanakuruhusu kuendelea na chuo.

Mzee wenu,
Hull