Ziara ya chuo: ramani ishikwe na mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wazazi wenzangu, hasa wale ambao watoto wao wanaomba vyuo vya ng'ambo. Kurasa za elimu zimetueleza mengi kuhusu fomu, ada na mitihani ya lugha. Lakini ile asubuhi ambayo mzazi na mtoto wanatoka kwenye mji wasioujua, wana miadi chuoni saa nne, na hawajui washike upande gani, sijaona mtu akiiandikia. Mimi imenikuta, na ninachotaka kusema ni hiki: ramani ishikwe na mtoto.

Tulikwenda Boston, Marekani, mimi na binti yangu anayemaliza sekondari. Tulikuwa na siku nne na vyuo vinne: Boston University, MIT, Harvard na Tufts. Tuliuchagua mji huo kwa kuwa vyuo vyake vimesogeleana na karibu vyote vinafikika kwa treni, kwa hiyo hatukuhitaji kukodi gari. Kutoka uwanja wa ndege wa Logan kuna basi linaloitwa Silver Line, namba SL1, ambalo anayelipandia uwanjani hatozwi nauli hadi South Station, na hapo anaingia treni ya Njia Nyekundu, maana njia za treni za mji huo huitwa kwa rangi. Kwa hiyo siku ya kuwasili tulifika chumbani karibu na stesheni ya Copley bila taabu yoyote, na mimi nikajiona nimeshaujua mji.

Asubuhi yake tukashuka chini Copley. Njia ya Kijani ina matawi manne, B, C, D na E, na pale Copley yote yanapita kwenye reli moja. Ikaja treni imeandikwa B, na chini yake Boston College. Nikamshika binti yangu mkono. "Siyo hiyo. Hiyo inakwenda Boston College, sisi tunakwenda Boston University." Akaniambia, "Baba, ndiyo yenyewe. Inapita Boston University, halafu inaishia Boston College." Alikuwa ameisoma ramani usiku kucha. Mimi nilikuwa nimesoma bango moja, tena kwa sekunde tatu. Milango ikafungwa, treni ikaondoka.

Ikaja ya pili, D, imeandikwa Riverside. Nikasema rangi ni ileile, tupande. Tulipofika Kenmore akasimama. "Tushuke hapa, Baba. Baada ya hapa zinaachana." Nikatoa simu nihakikishe, na kile kiduara kwenye kioo kikawa kinazunguka tu. Bado naitazama simu, treni ikaondoka, na dakika chache baadaye tukatoka juani, kwenye stesheni iitwayo Fenway, mahali ambapo hatukuwa na shughuli napo. Tulitembea kwa haraka, tukavuka daraja lililo juu ya barabara kuu ya magari, na tukaingia ukumbini dakika ishirini baada ya maelezo kuanza. Tukakaa kiti cha nyuma kabisa.

Binti yangu hakulalamika. Jioni tu, tukiwa tumekaa, aliniambia kwa upole, "Ningepanda ile ya kwanza ningefika mapema. Nilitaka nijue kama naweza kufika." Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Nilikuwa nimemsafirisha mbali kote huko ili aone kama anaweza kuishi pale, kisha kitu cha kwanza alichojaribu kukifanya mwenyewe nikakizuia kwa mkono wangu. Na nilimzuia kwa mapenzi, ndiyo maana naandika. Wazazi wengi tutafanya hivyohivyo, kwa mapenzi yaleyale.

Kesho yake nikamwambia leo wewe ndiye kiongozi, mimi ni mgeni wako. Ilikuwa siku ya MIT. Hakutaka treni. Alisema twende kwa miguu, kisha akanionyesha jambo ambalo mimi nisingeligundua. Mitaa ya katikati ya Boston imepindapinda bila mpango, lakini katika eneo la Back Bay, ambalo zamani lilikuwa maji na likajazwa udongo katika karne ya 19, mitaa inayokatiza imepewa majina kwa mpangilio wa alfabeti: Arlington, Berkeley, Clarendon, Dartmouth, Exeter, Fairfield, Gloucester, Hereford. Sisi tulikuwa Dartmouth. Akawa anahesabu herufi kila tukivuka mtaa, D, E, F, G, H, hadi tukafika barabara ya Massachusetts. Hapo tukakunja kulia kuelekea mtoni. Hakuitoa simu mfukoni hata mara moja.

Barabara hiyo inauvuka mto Charles kwa daraja liitwalo Harvard Bridge, ingawa ukifika ng'ambo unakuta MIT, siyo Harvard. Kwenye njia ya waendao kwa miguu kuna alama za rangi zenye namba. Mwaka 1958 wanafunzi wa MIT walimlaza mwenzao, Oliver Smoot, aliyekuwa na urefu wa kama mita 1.70, wakamlaza na kumlaza tena hadi mwisho wa daraja, wakapata kwamba urefu wake ni Smoot 364.4 na sikio moja. Alama bado zinapakwa rangi upya hadi leo. Binti yangu alizifuata kwa sauti, kumi, ishirini, thelathini, na upepo wa mto ukimvuta koti.

Katikati ya daraja alisimama muda mrefu. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anaupanga mji kichwani. Akanyoosha mkono nyuma tulikotoka: "Kule ndiko tulikolala." Akageukia upande wa juu wa mto: "Boston University ya jana iko kule." Kisha akageuka upande wa pili, ambako daraja jingine, Longfellow, lilionekana kwa mbali na treni ya Njia Nyekundu ikiwa inakatiza juu yake. "Na ile ndiyo itakayotupeleka Harvard kesho." Nilikuwa nimehudhuria maelezo ya saa nzima ukumbini siku iliyopita, nimepewa na vitabu vyenye picha nzuri, lakini ni pale darajani ndipo nilipoanza kuamini kwamba mtoto huyu anaweza kuachwa Boston.

Nawaeleza wazazi haya kwa kirefu kwa sababu majina ya mji huo yanapotosha, na nadhani miji mingi yenye vyuo iko hivyo. Harvard na MIT haziko Boston, ziko Cambridge, ng'ambo ya mto. Kituo cha Harvard Avenue, kilicho kwenye tawi B la Njia ya Kijani, hakikupeleki Chuo Kikuu cha Harvard. Anayekwenda chuoni hushuka stesheni ya Harvard kwenye Njia Nyekundu. Hata hivyo shule ya biashara ya Harvard iko Allston, upande wa Boston, na shule yake ya tiba iko Longwood, mbali na zote mbili. Mtoto anayetaka kuona mahali atakaposomea asiridhike na jina la chuo. Atafute jina la jengo na mtaa, aandike kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji na karatasi haiishiwi.

Kuna na suala la uelekeo. Vibao vya Boston vinatumia neno Inbound kwa treni inayoelekea katikati ya mji, na Outbound kwa inayotoka katikati kwenda pembeni. Mgeni asiyejua katikati ni wapi, maneno hayo hayamsaidii. Pale Copley kila uelekeo una mlango wake wa kuingilia kutoka barabarani, na ukikosea inabidi utoke nje, uvuke barabara, ushuke upya. Kwa hiyo kitu cha kukariri kabla ya safari ni kituo cha mwisho cha treni unayoitaka, maana ndicho kinachoandikwa usoni pa treni. Rangi ya njia haitoshi, kama nilivyojionea. Nauli yenyewe haina shida: tulipokuwa huko ilikuwa dola 2.40 kwa safari moja ya treni, uende karibu au mbali, unagusisha kadi tu. Na mtu akikwama aulize. Kuuliza si ujinga, na sikukutana na mtu aliyekataa kutuelekeza.

Sasa kuhusu chuoni kwenyewe. Vyuo vingi vya Marekani hupokea wageni bila malipo, ila ni vizuri kujiandikisha mapema. Kwanza kuna maelezo ukumbini, kisha mwanafunzi anawazungusha. Mwanafunzi huyo ndiye hazina ya siku nzima, na sisi wazazi humpotezea muda kwa kumuuliza mambo ambayo yameandikwa tayari: chuo kilianza mwaka gani, kina vitabu vingapi. Siku ya Harvard, wazazi waliokuwa mbele waliuliza hayo na mengine ya namna hiyo. Binti yangu alisubiri tunatembea, akamsogelea yule dada aliyekuwa anatuongoza, akamuuliza, "Usiku wa saa nne ukitoka maktaba, unarudije bwenini?"

Yule dada alipunguza mwendo kabisa. Hadi hapo alikuwa anazungumza maneno ambayo bila shaka ameyasema mara mia. Sasa akaanza kueleza kama mtu anayemweleza mdogo wake: njia ipi anapita akiwa peke yake na ipi anapita wakiwa wawili, wakati wa theluji anaondoka dakika ngapi mapema, ni wapi watu huwa wengi hata usiku. Nilijifunza zaidi katika dakika tano hizo kuliko kwenye makaratasi yote niliyobeba. Nikagundua pia kwamba swali hilo mimi nisingethubutu kuliuliza mbele ya binti yangu, nikiogopa kumtia hofu. Yeye alikuwa amelibeba tangu tulipotoka nyumbani.

Najua si kila familia ina uwezo wa safari kama hii, na sisi wenyewe tulijinyima ili iwezekane. Asiye na nauli anaweza kufanya nusu ya kazi hiyo akiwa nyumbani. Mtoto akae na ramani ya intaneti, atafute bweni, maktaba na jengo la somo lake, apime umbali kwa miguu, aangalie picha za barabara zenyewe, ajue duka la karibu na kituo cha karibu. Kisha awaandikie wanafunzi waliopo pale, awaulize kuhusu njia za usiku na za baridi. Ila kazi hiyo aifanye yeye. Mzazi akiifanya kwa niaba yake, atakayeujua mji ni mzazi, na mzazi si mwanafunzi.

Kuna baba mmoja aliniambia, nilipomsimulia haya, kwamba msichana hafai kuachiwa mji mgeni. Namheshimu, na woga wake naujua kwa sababu ni wangu pia. Lakini chuo kikifunguliwa mtoto ataachiwa mji huo tu, tena kwa miaka minne. Ni heri akosee njia siku ambayo nipo naye kuliko siku ambayo hana wa kumwita.

Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Katika kurasa zako za elimu, wapeni nafasi wanafunzi walioko vyuoni ng'ambo waandike kuhusu njia zao za kila siku: wanapanda nini, wanashuka wapi, walipotea wapi mwanzoni. Watoto wetu wanahitaji maelezo hayo kutoka kwa wenzao waliotangulia.

Siku ya nne ilikuwa ya Tufts, iliyoko kaskazini ya mji. Zamani ilibidi ushuke kwenye Njia Nyekundu kisha utafute namna ya kumalizia, lakini tangu Desemba 2022 tawi E la Njia ya Kijani linafika hadi hapo, kituo cha Medford/Tufts. Binti yangu aliomba aende peke yake. Nilinyamaza muda mrefu kabla ya kukubali. Tulifika wote Park Street, mojawapo ya stesheni za mwanzo za reli ya chini ya ardhi Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1897. Nikamwona akiinua macho kutafuta herufi E, akaiacha treni moja ipite, akaiacha ya pili, akapanda ya tatu. Hakunitazama nyuma.

Nikapanda ngazi, nikakaa kwenye benchi pale bustanini Boston Common kuanzia saa tatu asubuhi. Sikumpigia simu, ingawa mara nne niliitoa mfukoni. Saa saba na dakika kumi nilimwona anatoka kwenye mlango wa stesheni, kadi ya treni bado iko mkononi, anawaelekeza mama mmoja na kijana wake walioshika begi ni mlango upi waingie.

Mzazi, msomaji wenu wa siku nyingi