Fungu la chombo na fungu la baharia: risala ya klabu ya sayansi ya anga kwa Mgeni wa Heshima, Malindi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wawakilishi wa vyuo vikuu na kampuni mlioitikia mwaliko, wazee wetu kutoka Ngomeni, wazazi na wanafunzi wenzangu, hamjambo!

Kwa niaba ya klabu yetu, karibu sana Malindi. Utuwie radhi kwa kukuketisha chini ya mwembe ilhali ukumbi upo. Mabati ya ukumbi huzuia mawimbi ya redio, na leo mawimbi hayo tunayahitaji.

Mheshimiwa, wazee walioketi safu ya mbele waliona roketi kabla wengi wao hawajaona treni. Kati ya mwaka 1967 na 1988, setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni. Mradi ulikuwa wa Italia, ukiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Roketi aina ya Scout zilitoka Marekani. Sisi tulitoa bahari na ikweta, na ikweta si kitu kidogo. Hapa dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure, kama ngalawa iliyopata upepo wa kusi mgongoni.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Wamarekani wakaiita Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi ule, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa letu na maji yalikuwa yetu, ila ujuzi mwingi ulipanda ndege ukarudi kwao.

Hatusemi haya kwa kinyongo. Huku kwetu samaki wakishushwa ufukweni hugawanywa kwa mafungu. Kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, na kila baharia ana lake. Mwenye chombo hupata fungu kubwa na hakuna anayenung'unika, maana kila mtu anajua bei ya mbao. Lakini mafungu hayo hukubaliwa kabla ya kutweka tanga. Ukingoja samaki waonekane ndipo uulize langu liko wapi, umechelewa. Ufadhili wa teknolojia ya anga, kwa macho yetu, ni bahari ile ile.

Na tumeona mgawo ukienda vizuri. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliiunda kwa kushirikiana na Sapienza cha Roma, na nafasi ya kuirusha ikatolewa na Umoja wa Mataifa pamoja na JAXA, shirika la anga la Japani, kupitia mpango wa KiboCUBE. Tarehe 11 Mei 2018 iliachiliwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa. Ikafuata Taifa-1, iliyogharimu shilingi milioni 50, kazi ya Shirika la Anga za Juu la Kenya pamoja na kampuni ya SayariLabs ya hapa nchini na EnduroSat ya Bulgaria. Hiyo ilipaa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California. Wazee wa Ngomeni waliposikia ni California, walicheka sana, Mheshimiwa.

Hata kituo cha anga cha Malindi, kilichotokana na mradi ule wa San Marco, kina mkataba mpya, uliotiwa saini na Kenya na Italia huko Trento mwezi Oktoba 2016, na ndani yake yamo mafunzo kwa Wakenya na haki ya kupata data. Mafungu yameandikwa. Sisi tungependa kuyaona yakifika ufukweni.

Sasa nieleze ya kwetu, ambayo ni madogo. Antena yetu ya kwanza ni fito mbili za aluminiamu, kila moja sentimita 53, zilizopanuliwa kwa pembe ya nyuzi 120 na kufungwa kwenye ufito wa mkoko. Waya wake unaingia kwenye kidude kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazamia televisheni, nacho kinachomekwa kwenye laptopu ya mwalimu wa fizikia. Kwa vifaa hivyo tulikuwa tukipokea picha za mawingu kutoka setilaiti za NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, na wavuvi wawili watatu walizoea kupita hapa kabla ya kwenda bahari kuu. Agosti 2025 setilaiti za mwisho kati ya hizo zikazimwa. Zilikuwa zimezeeka, na wenyewe walikuwa na haki ya kuzizima. Lakini wavuvi walituuliza, "Mtawasha lini?" Tukakosa jibu, kwa sababu swichi haikuwa kwetu.

Tukaiandikia kampuni moja barua ya kuomba ushirikiano. Ilitujibu kwa fulana 40 zenye nembo yake. Tunazivaa, ni nzuri. Ila fulana hainasi mawimbi.

Ombi letu ni hili. Pasijengwe vituo kumi vidogo, kila shule na chake, vikaishia kufungiwa stoo. Kijengwe kituo kimoja cha kupokelea data hapa pwani, kitumiwe na shule, vyuo vya ufundi, vyuo vikuu na vikundi vya wavuvi. Serikali itoe ardhi na umeme, vyuo vitoe wataalamu, kampuni zilete vifaa na ziruhusiwe kufanyia hapo majaribio yao ya kibiashara. Hatuoni ubaya wa wao kupata faida. Kabla tofali la kwanza halijawekwa, iandikwe nani mwenye data, nani analipa kifaa kikiharibika, na wanafunzi wangapi watafunzwa kila mwaka kuitengeneza mitambo yenyewe, maana kuionyeshwa tu kupitia kioo tumeshaonyeshwa. Pia tunaomba laptopu moja, kwani hiyo ya mwalimu ana haki ya kurudi nayo nyumbani.

Mheshimiwa, saa tisa na dakika ishirini Kituo cha Anga cha Kimataifa kitapita juu yetu, kile kile kilichoiachilia 1KUNS-PF. Antena ya pili, hii iliyoundwa kwa futi ya chuma ya fundi tuliyoikata vipande, tunaomba uishike wewe mwenyewe. Anza kwa kuielekeza pale kwenye tangi la maji, kisha uifuatishe taratibu kuelekea baharini. Una dakika kama kumi. Mkono ukichoka, mzee wa Ngomeni aliye kulia kwako atakupokea.

Ahsante sana. Risala imesomwa na katibu wa klabu.