Shukrani kwa mzee aliyenisaidia Kitonga

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Uliondoka kabla sijakuuliza jina.

Mimi ni yule kijana wa gari la turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, lililofuka moshi wa bluu nilipomaliza kupanda Mlima Kitonga, stiki ya kupimia oili imesukumwa nje na injini imelowa. Fundi wangu alikuwa ameshaniambia turbo imekufa, ninunue nyingine. Nilikuwa naanza kukopa.

Wewe ulichomoa valvu ya PCV tu, ile inayotoa gesi chafu ndani ya injini. Ukaipuliza upande wa injini, hewa ikapita. Ukageuza upande wa manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, ikapita pia wakati haikutakiwa. "Hapa ndipo penye ugonjwa," ukasema, kisha ukanieleza taratibu kama mwanao. Gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni hushukia kwenye krenki, chini ya injini, zikachanganyika na mvuke wa oili, na valvu ile huziruhusu zivutwe kwenye manifodi zikaungue. Lakini turbo ikianza kusukuma hewa, valvu lazima ijifunge, gesi zipitie mpira mwingine unaoingia kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Yangu ilikwama wazi. Presha ikajaa kwenye krenki, oili ya turbo ikakosa pa kurudi, ikapenya kwenye sili zake, vizuizi vya oili.

Mpira ule nao ulikuwa umeziba kwa utando mweusi. Ukanizibulia kwa mikono yako, ukaniagiza nisikanyage sana mafuta hadi Iringa.

Nimebadilisha valvu, kipuri cha ukubwa wa kidole. Turbo ni ile ile na moshi hakuna. Ulikataa hata hela ya chai. Asante sana baba, Mungu akuzidishie afya.